Darubini, msasi na nzohe wa Saiwa

Majuzi nilikuwa Kitale kwa shughuli za mitihani. Jioni moja nilipita kwenye vibanda vilivyo karibu na steji ya matatu nikaona darubini imening'inizwa katikati ya tochi na redio za mkono. Kesho yake nilikuwa na safari ya alfajiri kwenda Saiwa kumtazama nzohe, yule swala wa majini ambaye wengi wetu tuliozaliwa huku Magharibi tunamfahamu kwa picha tu, ilhali anaishi mwendo mfupi wa gari kutoka mjini. Muuzaji alinisoma mara moja.

"Mwalimu, hiyo inavuta mpaka Cherangani! Ni ya jeshi. Ndiyo wawindaji wa Marekani wanatumia kupeleleza wanyama."

Nikaishika. Lenzi zake zilikuwa nyekundu kama sharubati ya ukwaju, na ubavuni imeandikwa 20x50. Alitaka elfu tatu na mia tano. Tukakubaliana elfu mbili na mia mbili. Nikaondoka nikijiona mjanja.

Alfajiri, juu ya jukwaa la mbao pale Saiwa, ujanja ulikwisha. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya matete. Nilipoinua chombo changu niliona giza linalotetemeka. Mapigo ya moyo wangu yenyewe yaliyatikisa matete ya ng'ambo kana kwamba kuna tetemeko la ardhi. Kijana aliyekuwa akituongoza alinitazama kwa muda, kisha akanivulia yake shingoni, kuukuu, mpira wake umebanduka, imeandikwa 8x42. "Mwalimu, nguvu yote hiyo ya nini? Shika hii. Na usitafute nzohe. Tafuta sikio."

Nililipata sikio. Lilikuwa mbele yangu muda wote, wala si mbali.

Nimekuwa nikiwaza tangu siku hiyo. Lile swali la kijana, nguvu yote hiyo ya nini, lina historia ndefu katika nchi hii ya Elgon, na sehemu kubwa ya historia hiyo imejificha ndani ya maneno tunayotumia bila kuyakagua. Hebu tuanze na neno lenyewe.

Darubini ni neno la Kiajemi. Dur ni mbali, bin ni shina la kitenzi cha kuona. Ukiyaunganisha unapata kionambali, na kama mtu angebuni neno hilo leo katika kamati ya istilahi tungemcheka. Waturuki wanalo, Wahindi wanalo, na ukifika nchi za Ghuba utasikia Waarabu wa huko wakisema darbili, ingawa Kiarabu cha vitabuni kina neno jingine. Ni neno la bahari hasa. Lilisafiri pamoja na manahodha, na lilipotua pwani yetu lilipewa irabu za kutosha ili lisikwame kooni. Kiurdu kina khurdbin, kwa muundo uleule, kwa kile chombo cha kuonea vidogo ambacho wanafunzi wetu wa sayansi wanakiita hadubini. Kwa hiyo darubini na hadubini wamefanana sura na kazi: mmoja anasogeza kilicho mbali, mwingine anakuza kisichoonekana.

Tatizo ni kwamba Kiswahili kimelibebesha neno darubini mizigo mingi. Bomba la nahodha ni darubini. Mtambo wa wanafalaki wa kutazamia nyota ni darubini. Na kile chenye mabomba mawili anachovaa shingoni mtalii ni darubini pia. Tukitaka kutofautisha tunasema darubini ya macho mawili, lakini sokoni Kitale hutasikia hivyo. Utasikia bainokula. Sina ugomvi na bainokula, limeshakaa. Ila naona afadhali tusimtupe mkongwe wa Kiajemi aliyepanda mlima kwa miguu.

Nasema kwa miguu kwa sababu Kiswahili kilifika Elgon kwa miguu, na kilichokivuta kilikuwa pembe za ndovu. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara kutoka Pangani, Mombasa na kwingineko pwani ilikuwa ikifika nchi ya Wanga, mahali palipojulikana kama Kwa Sundu na baadaye Mumias, na kutoka hapo kuzunguka mlima kuelekea kaskazini. Msomaji wa Siku Njema (1996) ya marehemu Ken Walibora anakumbuka jinsi Kongowea anavyotoka Tanga akaishia Kitale akimtafuta babaye. Watu husema safari ile ni ya riwaya tu. Wapagazi wa Kiswahili walikuwa wakiitembea, au inayofanana nayo, miaka mia moja na zaidi kabla ya riwaya.

Mskoti Joseph Thomson alipofika mwaka 1883 hakuigundua njia yoyote. Alivuka Umaasai akiwa ameungana na msafara wa mfanyabiashara wa pembe aliyejulikana kama Jumbe Kimameta, mtu wa Pangani, ambaye alizijua njia na visima na wenyeji. Thomson aliyafikia mapango ya Elgon, akastaajabu, akaandika. Siku ya mwisho ya mwaka huohuo, akiwa safarini kurudi, alimpiga risasi nyati, akamwona ameanguka, akamwendea. Nyati hakuwa amekufa. Alimrusha Thomson hewani, na ikabidi abebwe kwa siku nyingi. Kisa hiki hunichekesha na kunifunza kwa pamoja. Hapa hakukuwa na suala la umbali hata kidogo. Mnyama alikuwa hatua chache mbele yake. Kilichokosekana ni kumsoma.

Na chombo chenyewe kilikuwaje wakati huo? Bomba la kuonea mbali lilijulikana Ulaya tangu 1608, pale fundi wa miwani Hans Lippershey alipoomba hataza huko Uholanzi. Mwaka uliofuata Galileo alitengeneza lake akaligeuza angani. Lakini kwa karibu karne tatu, kuweka mabomba mawili pamoja yakawa mafupi, yenye nguvu na yenye kuona eneo pana kulikuwa kazi ngumu. Mwitaliano Ignazio Porro alipata dawa yake mwaka 1854: kuupitisha mwanga ndani ya vipande vya kioo vyenye umbo la mche (wanafunzi wa hisabati wanaujua mche), ukajikunja mara kadhaa, na picha iliyokuwa imepinduka ikasimama sawa. Wazo hilo lilingoja kioo kizuri. Mwaka 1894 kampuni ya Zeiss, chini ya mwanasayansi Ernst Abbe, ilianza kuuza darubini za miche za macho mawili, na hizo ndizo mama wa zote tunazoziona leo, hata ile yangu nyekundu.

Angalia tarehe hiyo. Mwaka mmoja baadaye, 1895, jeshi lililoongozwa na Waingereza liliwapiga Wabukusu kwenye ngome zao za Lumboka na Chetambe, huku Bungoma. Miaka michache baada ya hapo reli ikafika Ziwa Viktoria, na wawindaji wakaanza kumiminika. Yaani darubini bora za kwanza na utawala wa kikoloni ziliingia kwetu takriban kwa mlango mmoja.

Mmoja wa wawindaji hao alikuwa W. D. M. Bell, aliyepewa jina la Karamojo kwa sababu ya ndovu aliowamaliza kule Karamoja. Mumias ilikuwa mahali pa kujiandalia safari, kisha anaupita mlima kuelekea kaskazini. Kitabu chake cha 1923 kinasomwa hadi leo na wapenda bunduki, kwa kuwa alijulikana kwa kuua ndovu kwa risasi ndogo, akilenga ubongo. Ili ulenge hivyo lazima umkaribie ndovu sana. Na ili umkaribie lazima mtu akuambie yuko wapi, upepo unavuma kutoka wapi, na dume lenye pembe liko upande gani wa kundi. Hao waliomwambia walikuwa wenyeji.

Mwaka 1909 akaja Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, katika msafara mkubwa wa kukusanyia makumbusho ya Smithsonian wanyama. Aliwinda hadi uwanda wa Uasin Gishu na kando ya mto Nzoia, ule ule unaoteremka kupita Webuye. Sasa sikiliza jambo hili. Roosevelt alikuwa na macho mabovu. Hakuona mbali bila miwani, na jicho lake la kushoto lilikuwa limeumizwa katika ndondi alipokuwa bado Ikulu, likawa halina faida kubwa. Mtu wa namna hiyo, hata umpe darubini ya macho mawili ya bei gani, anaitumia nusu. Lakini alirudi kwao na wanyama maelfu kwa maelfu, wakubwa na wadogo, waliokusanywa na msafara wake. Macho yalikuwa ya wengine.

Nimeyasema haya kwa sababu ya babu yangu. Mjomba wangu, mzee wa Webuye ambaye bado namwita khocha kama Wabukusu wote tunavyowaita ndugu wa mama zetu, alinisimulia kwamba marehemu babu aliwahi kuchukuliwa kuwaonyesha wazungu njia na nyayo. Hakupewa bunduki, alipewa mzigo na posho. Kazi yake ilikuwa kutangulia. Miaka kadhaa baadaye huyohuyo akakamatwa kwa sababu ya mtego wa kamba uliomnasa funo, akafungwa. "Kuka yako alishangaa," khocha aliniambia. "Alisema, jana nilikuwa macho yao, leo mimi ni mwizi."

Hapa ndipo lugha inapotoa ushahidi. Kiswahili cha zamani kina msasi, mtu ambaye usasi ni kazi yake, kama vile mvuvi na uvuvi. Hakina harufu ya lawama. Kina mwindaji, anayewinda, naye hana lawama. Kisha kuna jangili. Wazo langu ni kwamba neno hili linamkumbuka jangli wa Kihindi, mtu wa porini, asiyestaarabika. Kwetu limemwangukia mtu anayeua wanyama bila kibali. Chini ya sheria za kikoloni mwenye leseni, bunduki na darubini alibaki mwindaji. Mwenye upinde na mtego akawa jangili. Wote wawili walikuwa wakimfuata mnyama mmoja, na mara nyingi wa pili ndiye aliyemfundisha wa kwanza. Sheria iliwagawa, na lugha ikafuata sheria kama mkia unavyomfuata ng'ombe.

Sisemi hivi kuutetea ujangili wa kisasa wa bunduki za kivita uliowamaliza ndovu wa Elgon katika miaka ya 1970 na 1980. Ule ulikuwa uporaji. Ndovu waliokuwa wakiingia pango la Kitum usiku kuchimba chumvi kwa pembe zao, jambo ambalo dunia nzima ilikuja kulishangaa, walibaki wachache wenye hofu. Ninachosema ni kwamba neno moja likiwafunika mzee mwenye mtego wa funo na genge lenye bunduki, neno hilo limechoka na linahitaji kusaidiwa.

Waogiek wa Chepkitale, juu kabisa ya mlima upande wa kaunti ya Bungoma, wanaijua vizuri habari hii. Wao ni wasasi na warina asali kwa asili. Mwaka 2000 nchi yao ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na wakajikuta ni wavamizi kwao. Kesi yao iliamuliwa Septemba 2022 na mahakama ya mazingira na ardhi mjini Bungoma, ambayo ilikubali kwamba ardhi ile ni ya jamii.

Uwindaji wa leseni nao ulikwisha. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa ndovu mwaka 1973, ikapiga marufuku uwindaji wote Mei 1977, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya pembe, ngozi na vifaa vitokanavyo na wanyama. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza kuwinda kwa burudani na hata kuwinda kwa kitoweo. Kwa hiyo yule muuzaji wa Kitale alinisifia chombo kwa kazi ambayo mteja wake akiifanya hapa atalala ndani. Anayetaka kuwinda kwa kibali avuke mpaka: Tanzania inauruhusu uwindaji wa watalii, na Uganda iliurudisha kwa majaribio mwaka 2001 karibu na Ziwa Mburo.

Lakini kupeleleza hakukufa. Kulibadili wenyewe. Kitale kuna mfano mzuri wa mabadiliko hayo, na ni mzee kuliko marufuku yenyewe. Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyependa vipepeo, ndege na vitabu, alianzisha makumbusho yake binafsi mwaka 1926. Alipofariki 1966 aliyaacha makusanyo hayo kwa ajili ya umma, na jengo jipya likafunguliwa Kitale 1974. Ndilo wanafunzi wanaloingia hadi leo kwa mabasi ya shule. Stoneham alikuwa mwindaji wa aina yake. Alimkamata mnyama ili amtazame, badala ya kumtazama ili amkamate. Mwaka uleule wa 1974 bwawa la Saiwa likafanywa mbuga ya taifa, ndogo kuliko zote nchini, eneo lisilofika hata kilomita tatu za mraba, kwa ajili ya mnyama mmoja hasa: nzohe.

Na nzohe ni mtihani wa darubini yoyote. Ana kwato ndefu zilizopanuka zinazomwezesha kutembea juu ya tope. Manyoya yake hayashiki maji. Akitishwa hujizamisha akabakisha pua. Hutoka kulisha alfajiri na magharibi, mwanga ukiwa haba. Gari haliingii Saiwa. Unatembea, unapanda jukwaa, unangoja. Ukitaka kujua kama chombo chako ni kizuri usikipeleke Mara kutazama twiga saa sita mchana. Kipeleke Saiwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Sasa basi, hizo namba. Nimegundua kwamba walimu wenzangu wengi, watu wenye shahada, hawazijui, na wauzaji wanalijua hilo. Katika 8x42, namba ya kwanza inasema kitu kinasogezwa mara ngapi. Nzohe aliye mita 80 utamwona kama yuko mita 10. Namba ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ndiyo mlango wa mwanga. Gawanya ya pili kwa ya kwanza: 42 kwa 8 ni 5 na robo. Huo ni upana, kwa milimita, wa mwali wa mwanga unaoingia jichoni mwako. Yangu ya 20x50 inatoa 2 na nusu. Tofauti inaonekana ndogo, lakini mwanga hupimwa kwa eneo la duara, si kwa upana wake, kwa hiyo ile kuukuu ya kijana ilikuwa ikinipa mwanga zaidi ya mara nne ya yangu. Mchana mwangavu hutahisi, maana mboni ya jicho inajibana yenyewe. Alfajiri mboni inafunguka, inaomba mwanga, na chombo hakina cha kuipa.

Kuna mtetemo pia. Kila kinachokuza nzohe kinakuza na mkono wako. Wengi wetu tunaweza kuishika ya mara 8 ikatulia. Ya mara 10 kwa mazoezi au ukiegemea nguzo. Ikizidi mara 12 tafuta miguu mitatu ya kuisimamishia. Wawindaji wa milima ya Marekani wanaotumia zenye nguvu kubwa hukaa chini, wakazifunga kwenye miguu mitatu, wakachunguza bonde la ng'ambo kwa saa nzima. Muuzaji wangu alikuwa amesema kweli nusu. Hakuniambia habari za ile miguu. Na kadiri ukuzaji unavyopanda, ndivyo eneo unaloliona linavyobana: kwa umbali wa kilomita moja, ya mara 8 hukuonyesha upana wa mita 130 hivi, ya mara 20 chini ya nusu ya hapo. Ndege akiruka umempoteza. Wanajeshi wa Uingereza katika vita vya kwanza vya dunia walitumia za mara 6 tu. Mabaharia wakapenda 7x50. Hao walikuwa watu ambao maisha yao yalitegemea kuona.

Kwa mtu wa mfuko wa kawaida, basi, ushauri wangu ni 8x42, au 10x42 ikiwa macho na mikono yako bado ni ya kijana. Ya 7x35 iliyotumika, ya kampuni inayojulikana, ina faida kuliko ya 20x50 mpya isiyo na jina. Ukiwa kibandani fanya hivi. Ishike mbali na uso, uielekeze kwenye mwanga, utazame kwenye tundu la jicho: kiduara cha mwanga kiwe mviringo safi, kikiwa na pembe kama mraba, miche yake ni ya kioo hafifu. Itikise karibu na sikio. Ikilia kama njuga, irudishe. Tazama nguzo ya stima iliyo mbali: ukiona nguzo mbili, mabomba hayaelekei mahali pamoja, na kichwa kitakuuma kabla ya saa sita. Lenzi nyekundu ing'aayo ikwepe. Ule si urembo wala si teknolojia ya jeshi. Ni rangi inayorudisha sehemu ya mwanga nje, na vyote utakavyoviona vitapotea rangi. Zile zinazojinadi kuvuta kutoka mara 10 hadi mara 100 kwa kusukuma kidude usizisogelee. Wanaovaa miwani waulize kama kikombe cha mpira cha jichoni kinakunjika, la sivyo wataona kiduara kidogo katikati ya giza. Halafu kile kipete cha upande wa kulia, ambacho watu hufikiri ni pambo, ni cha kusawazisha jicho la kulia na la kushoto. Kitengeneze mara moja kisha ukiache.

Naam, na usilitazame jua kupitia humo hata kwa mzaha.

Nilipofika Webuye siku iliyofuata nilimpa khocha ile nyekundu. Nyumba yake iko chini ya vilima vya Chetambe. Tulipanda pole pole hadi palipo na mabaki ya ngome, kwa sababu alitaka kunionyesha alipokuwa akikaa na mbwa wake zamani wakitafuta kanga. Kutoka juu bonde la Nzoia lote linafunguka. Aliitazama nchi kupitia chombo changu, akakishusha, akapangusa jicho.

"Kizito," alisema. "Na kinakimbiza nchi."

Nikamwuliza wao walikuwa wakionaje.

"Unafika kabla ya jua. Unakaa jua likupige mgongoni, limpige yeye machoni. Upepo utoke kwake uje kwako. Halafu hutafuti mnyama. Unatafuta kitu kimoja kilichokataa kukaa kama majani. Kinaweza kuwa sikio. Kinaweza kuwa mkia. Ukishakipata, ndiyo sasa hata hicho chako kingesaidia kidogo."

Sikio! Kijana wa Saiwa hajawahi kukutana na khocha wangu. Nilipomuuliza yule kijana alifundishwa wapi, alisema kwa askari wa mbuga waliomtangulia, na hao nao walifundishwa na wazee. Wazee gani, hakujua kuniambia. Wanapandishwa cheo, wanaitwa skauti wa jamii au mwongoza watalii, wanapewa sare na cheti. Maneno wanayoyatumia kwa wageni ni ya Kiingereza karibu yote. Wanapozungumza wao kwa wao wanasema kunyatia, kuotea, kuvizia, nyayo mbichi, nyayo za jana. Yaani msasi yumo ndani yao na istilahi zake, ila hakuna kamusi ya utalii iliyomwandika.

Kijana wa Saiwa anaweka akiba anunue darubini yake mwenyewe. Ile aliyoniazima si yake. Ni ya mbia mwenzake, wanapokezana, na siku ambazo wote wawili wana wageni mmoja anaongoza kwa macho matupu. Aliniuliza, kwa kuwa mimi ni mwalimu na nina ndugu mjini, kama naweza kumtafutia ya 8x42 iliyotumika, isiyo nyekundu. Nimeuliza Nairobi kwa watu wawili. Mmoja amenitumia picha ya moja yenye mkwaruzo kwenye lenzi ya kushoto, kwa pembeni, na nimemwambia aielekeze kwanza kwenye nguzo ya stima.